Granaiti inageukaje udongo? Nimekutana nayo kisimani, naombeni maelezo

MwanaMisungwi
Wakuu habari za jioni. Kuna kitu siku mbili hizi silali vizuri nakiwaza, naombeni mnieleweshe. Tunachimba kisima cha mkono nyumbani kwa mama huku Misungwi, na kama mnavyoijua Mwanza ni mawe kila upande, shamba letu liko kwenye mteremko chini ya kilima cha mawe makubwa. Mita moja ya juu ilikuwa mchanga mchanga wa kawaida, luseni kama tunavyoita Wasukuma, halafu ukaja udongo mwekundu wenye changarawe, tukajua sasa tunaukaribia mwamba tukaandaa mtarimbo na nyundo. Kufika mita nne hivi fundi akaniita nishuke nione mwenyewe.

Mwamba upo, na ni granaiti kabisa, vidoa vyeupe, vya pinki na vyeusi vimekaa vilevile kama kwenye mawe ya kilimani, lakini ukiweka kidole kinazama! Nilikata pande kwa sepeto kama nakata sabuni ya mche. Nikalibana kiganjani likavunjika, vile vidoa vyeupe vikawa unga laini unaoteleza kama wanga, vidoa vyeusi vimegeuka rangi ya dhahabu vinabanduka magamba magamba, na kilichobaki kigumu ni punje kama vipande vya chupa. Fundi anasema jiwe limeoza, yeye kaona sehemu nyingi. Sawa, ila jiwe linaozaje? Limekuwaje udongo huku sura yake bado ni jiwe? Na je tuendelee kuchimba au hapa maji hakuna?

kijana_wa_buza
Mkuu mi naona huo ni udongo tu uliosombwa na mvua kutoka kilimani ukajaza mashimo ya mwamba, ukakaa miaka mingi ukashikamana ndo maana unafanana na jiwe.

MwanaMisungwi
Hata mi nilianza kuwaza hivyo mkuu, lakini kuna mshipa mweupe wa jiwe gumu, unene wake kama kidole gumba, umepita ukutani mwa shimo kwa mshazari. Huku juu kwenye udongo mwekundu umevunjika vunjika na vipande vimetawanyika, ila ukifika kwenye huo mwamba laini umenyooka kama mtu kapiga rula, unashuka mpaka chini haujakatika popote. Kama udongo ungeletwa na maji huo mshipa ungesimamaje wima katikati?

Jiolojia_Dodoma
Huo mshipa ndo ushahidi wako wote, na umeuona vizuri sana. Ni mshipa wa kwatzi, ulikuwemo kwenye granaiti tangu granaiti ikiwa nzima. Kila kitu kuuzunguka kimegeuka udongo hapo hapo kilipokuwa, bila kuhama hata unywele, wenyewe ukabaki kwa sababu kwatzi haigeuki. Kwa hiyo hakuna kilichosombwa kuletwa, ila kipo kilichosombwa kuondolewa, na hapo ndipo jibu lilipo, ngoja nieleze taratibu maana ni jambo ninalolipenda.

Granaiti yako ina madini matatu makubwa. Vidoa vyeupe na vya pinki ni felspa, hiyo ndo nyingi kuliko zote. Vyeusi vinavyong'aa ni ulanga, ule ule ambao zamani ulichimbwa sana kule Uluguru, ila huu ni ulanga mweusi wenye chuma ndani. Na zile punje kama chupa ni kwatzi. Yote matatu yaliganda pamoja kilomita kadhaa chini ya ardhi kwenye joto la nyuzi 600 na zaidi, na mwamba wa huko kwenu una umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kule chini hali ilikuwa inayafaa. Sasa ardhi ya juu ikalika pole pole mpaka mwamba ukakaribia uso wa dunia, ukakutana na maji ya mvua na hewa, vitu ambavyo felspa haijawahi kuvizoea.

Mvua tunaiona maji matupu lakini ikishuka inabeba gesi ya kaboni daioksaidi kutoka hewani, ile ile ya kwenye soda, na maji yakiwa na gesi hiyo yanakuwa asidi dhaifu. Hata mvua safi kabisa pH yake, yaani kipimo cha uasidi ambacho chini ya 7 ni asidi, ni kama 5.6. Ikiingia udongoni ndo inakolea zaidi, maana mizizi na vijidudu vya udongoni vinapumua humo humo na gesi inajaa mara nyingi kuliko hewani. Asidi yenyewe ukiionja huihisi, lakini ina muda.

Ikifika kwenye felspa, haidrojeni ya kwenye ile asidi inaingia na potasiamu inatoka, nyumba ya madini inaanza kulegea. Tuhesabu kidogo. Chukua chembe mbili ndogo kabisa za felspa, zina potasiamu 2, alumini 2 na silika 6 (silika ndo kitu kile kile kinachojenga kwatzi). Potasiamu zote 2 zinaondoka na maji. Silika 4 kati ya 6 zinaondoka na maji. Alumini zote 2 zinabaki kwa sababu alumini kwenye maji ya kawaida haiyeyuki kirahisi, zinashikana na zile silika 2 zilizobaki, zinachukua na maji kidogo ndani yake, zinajipanga upya kwenye vibati vyembamba sana. Hivyo vibati ndo kaolini, ndo huo unga wako unaoteleza. Ukikiangalia kibati kimoja kwa hadubini ya elektroni kina pembe sita, na upana wake mara nyingi haufiki hata milimita 0.002. Vinateleza kiganjani kwa sababu ni bapa, vinapanda mgongo kimoja juu ya kingine kama karata mpya.

Kwa uzito, kilo 100 za felspa zinaacha kama kilo 46 tu za kaolini. Zaidi ya nusu ya jiwe imeenda na maji mtoni huko! Lakini ukubwa wa mwamba haukupungua, umbo limebaki lile lile, sasa nafasi ya vilivyoondoka imebaki vitundu vidogo vidogo. Ndo maana unakata kama sabuni. Jaribu hivi, kausha pande la huo mwamba laini juani siku kadhaa, kisha tafuta jiwe zima la kilimani la ukubwa ule ule, yapime mkononi utashangaa lile laini lilivyo jepesi.

Ulanga nao unawahi kugeuka kuliko felspa. Chuma chake kinashika kutu, potasiamu inatoka kati ya magamba, maji yanaingia, magamba yanavimba. Huko kuvimba ndo kunapasua mwamba kwa ndani na kuipa mvua njia ya kufikia felspa. Rangi ya dhahabu uliyoiona ni huo ulanga uliochoka, tafadhali asije mtu akamwambia mama ni dhahabu akamchimbia shamba lote.

Na luseni ya mita ya kwanza ni nini? Ni kwatzi. Punje zile zile za chupa, zimebaki juu baada ya kila kitu kugeuka na udongo laini kusukumwa chini na mvua. Kwa hiyo kisima chako chote mita nne ni granaiti hiyo hiyo moja, unaisoma kutoka ilipomaliza kugeuka hadi inapoanza.

kijana_wa_buza
Daah nimejifunza mkuu, nafuta kauli. Swali, hii inachukua muda gani? Na kama mvua inayeyusha granaiti mbona yale mawe ya Mwanza yamesimama tu juani miaka yote hayaozi?

Jiolojia_Dodoma
Kwa mita moja ya mwamba hesabu makumi ya maelfu ya miaka kwenye joto na mvua kama yetu, sehemu kavu au za baridi ni zaidi.

Swali la pili ni zuri mno. Mwamba ukiwa juu peke yake mvua inaupiga halafu inateleza, dakika kumi jua limeshaukausha. Mwamba ukiwa chini ya udongo umevikwa kitambaa chenye unyevu chenye asidi mchana na usiku. Kazi inafanyika chini. Maji yanapita kwenye nyufa za mwamba zilizokatana kama matofali, kona ya tofali inashambuliwa pande tatu kwa mpigo, ukingo pande mbili, uso upande mmoja, basi kona ndo zinaisha kwanza na kiini kinabaki mviringo kimezungukwa na maganda kama kitunguu. Baadaye mvua ikasomba udongo laini, vile viini vikabaki vimerundikana nje. Mawe ya Mwanza, hata lile la Bismarck pale ziwani, ni sehemu ya mwamba ambayo haikuwahi kugeuka udongo. Kisima cha mama yako kimeingia kwenye sehemu iliyogeuka. Usishangae mkichimba mkakutana na duara gumu la jiwe zima katikati ya huo ulaini.

MwanaMisungwi
Aisee. Nimesoma mara tatu, nimemsomea na mama. Sasa yeye ndo kanipa swali ambalo nimeshindwa. Anasema kama granaiti inageuka udongo mweupe mlaini, mbona kule mbugani chini, hata mita 400 kutoka hapa hazifiki, mwamba si ni huo huo, lakini udongo ni mweusi tii, masika unavua viatu, kiangazi unapasuka mpaka mguu wa ndama unaingia? Mbugani ndo tuna majaruba ya mpunga.

afisa_udongo_moro
Mwambie mama swali lake liliulizwa hapa hapa kwetu na jibu lake likaenda dunia nzima. Alikuwepo mkemia wa udongo anaitwa Geoffrey Milne, kituo chake kilikuwa Amani, Usambara Mashariki. Alizunguka Afrika Mashariki akaona kitu hicho hicho kinajirudia, kilima na mawe, chini yake udongo mwekundu, chini zaidi mchanga, bondeni udongo mweusi, halafu unapanda kilima kingine unaanza upya kwa mpangilio ule ule. Mwaka 1935 akaupa huo mpangilio jina la katena, neno la Kilatini maana yake mnyororo, na mpaka leo mwanafunzi wa udongo popote anajifunza neno hilo.

Sababu yenyewe iko kwenye hesabu aliyotoa Jiolojia hapo juu, silika 4 na potasiamu zimeenda na maji. Zimeenda wapi? Zimeenda kwenu mbugani! Juu kwenye mteremko maji yanapita yakiondoka na mzigo, hivyo vinabaki vitu vichache, unapata kaolini, na chuma kinashika kutu unapata wekundu. Maji yakifika bondeni hayana pa kwenda, yanasimama, kiangazi yanakauka yanaacha mzigo wote, silika, kalsiamu, magnesiamu. Kukiwa na vitu vyote hivyo udongo unaojengeka sio kaolini tena, ni jamii nyingine inaitwa smektaiti.

Tofauti ya hizo jamii mbili iko kwenye vibati. Kaolini vibati vyake vimeshikana vizuri, maji hayaingii katikati. Smektaiti vibati vyake vimeshikana kilegevu kama kurasa za kitabu, maji yanaingia kati ya ukurasa na ukurasa na kuzitenganisha, unene wa ukurasa na nafasi yake unaweza kufika mara mbili ya ulivyokuwa mkavu. Zidisha hiyo kwa mamilioni ya kurasa, shamba zima linavimba masika, kiangazi linasinyaa na kupasuka. Udongo wa juu unadondokea kwenye nyufa, masika ukija kuvimba unasukumana ndani kwa ndani, yaani mbuga inajilima yenyewe kila mwaka. Ukichimba humo utaona nyuso za udongo zimesuguana mpaka zinang'aa kama zimepakwa mafuta.

Weusi usiwadanganye, wengi wanadhani una mboji nyingi, hapana, mboji ni kidogo tu ila imeshikana sana na vibati. Na tafuta vidonge vyeupe vigumu vidogo, mbugani mara nyingi vipo. Kamulia ndimu, ikitoa povu ujue ni chokaa, ndo ile kalsiamu iliyoteremka kutoka kwa kilima chenu. Mpunga unapendeza hapo kwa sababu udongo ukishavimba unaziba, jaruba linashika maji.

mjenzi_kitengela
Habari zenu ndugu zangu wa Bongo, nimeusoma huu uzi nikiwa na uchungu maana hiyo smektaiti mimi nimeilipia kwa pesa. Huku Kitengela tunaiita blaki koton. Nilinunua ploti mwezi wa Januari, ardhi ngumu kama lami, aliyeniuzia hakusema kitu na fundi niliyempata alichimba msingi futi tatu akaniambia hapa ni imara kabisa hata ghorofa inasimama. Mvua ndefu za Aprili zikaja. Sakafu ya sebuleni iliinuka katikati kama mgongo, mlango wa chumba ukakataa kufunga, halafu ufa ukaanzia kona ya dirisha ukapanda kwa ngazi ngazi ukifuata matofali mpaka kwa lenta. Nilikuwa naweka alama ya penseli na tarehe kwa ule ufa kila Jumapili, mpaka Juni ulikuwa unaingiza kidole. Na kiangazi ukarudi ukajifunga karibu wote, nikapiga plasta nikidhani umeisha, mvua za Novemba ukafunguka pale pale.

Nilichokuja kujifunza nikiwa nimechelewa ni kwamba huku kwetu sio granaiti, ni lava ya volkano za zamani iliyotandaa tambarare kuanzia Nairobi kwenda Athi na Kapiti, na kwa vile ni tambarare na mvua ni haba maji hayaondoki na ile mizigo mnayosema. Ukienda Kiambu kwenye miinuko na mvua nyingi nako ni mawe ya volkano lakini udongo ni mwekundu, nyumba zinasimama na chai inamea. Kwa hivyo mawe ya ukoo mmoja yametoa udongo wa aina mbili, tofauti ni maji tu.

Kama unajenga kwa blaki koton tafadhali usisikize mtu anayekwambia ni ngumu bila kuuliza ameiona mwezi gani. Choma shimo ujue kina chake. Kama ni kifupi toa yote ufike kwa mwamba, ujaze maramu ukishindilia tabaka kwa tabaka. Kama ni kirefu tafuta injinia akupigie msingi wa jamvi au nguzo zinazopita hapo. Barabara wanachanganya na chokaa, kalsiamu inashika vile vibati udongo unaacha kuvimba. Na maji ya paa yapeleke mbali na ukuta, hilo hata mwenye nyumba tayari anaweza kulifanya leo.

MwanaMisungwi
Pole sana ndugu yangu. Hapo pa "ameiona mwezi gani" nimepaandika.

Binti_wa_Matema
Naomba nichangie kwa upande wa mikono maana mama yangu ni mfinyanzi, sisi ni Wakisi wa Ziwa Nyasa, vyungu vyetu vinauzwa mnada wa Lyulilo mnavijua. Mama hajui neno kaolini wala smektaiti lakini anazitofautisha akiwa amefumba macho. Anachukua donge lenye unyevu, analiviringisha viganjani mpaka liwe kamba nyembamba kama penseli, kisha anaizungusha kidoleni kama pete. Ikikatika mapema, mchanga mwingi. Ikizunguka vizuri bila nyufa lakini inamng'ang'ania vidole, anautupa, anasema huo mlafi wa maji utapasua chungu kikikauka. Sasa nimeelewa mlafi ni nani! Anaoutaka ni ule unaozunguka na kuachia mkono.

MwanaMisungwi huo wako hivi ulivyo haufinyangiki kwa sababu zile punje za chupa bado zimo. Lakini ukitaka kuona udongo wenyewe fanya hivi, loweka ndoo nusu, vuruga kwa mkono mpaka maji yawe kama maziwa, hesabu mpaka thelathini hivi mchanga utue, mimina yale maziwa kwenye ndoo nyingine uache mpaka kesho. Chini utakuta uji mweupe mzito. Mimina maji ya juu, uji utandaze kwenye kitambaa juu ya majivu ukauke. Hata kupakia ukuta unafaa.

Na kitu kimoja kinanigusaga kila nikikifikiria, chungu kibichi kikivunjika tunakiloweka kinarudi udongo, tunafinyanga tena. Kikishapita motoni basi. Nilimuuliza mwalimu wangu wa kemia akaniambia yale maji yaliyofungwa ndani ya vibati, sio ya kulowea, yale ya kwenye maumbile yake, yanatoka joto likifika nyuzi 500 na kitu na hayarudi hivi hivi. Vigae vya bibi yetu bado tunaviokota ufukweni, vimepigwa na mawimbi mpaka vimekuwa mviringo, na ni vigae vile vile, havijawa udongo. Mama anavitwanga anachanganya kidogo kwenye udongo mpya, chungu hakipasuki kikikauka.

mama_junior_tabata
Jamani huo mweupe mlaini ndo pemba tunayokulaga wajawazito au? Maana mi nikiwa na mimba ya pili nilikuwa namaliza kipande asubuhi.

Jiolojia_Dodoma
Sehemu nyingi ndio mama Junior, pemba nyeupe huwa ni kaolini au udongo wa jamii yake. Kwa nyie wa Dar kaolini kubwa iko jirani kabisa, Pugu kule Kisarawe, ambako mapango ya machimbo yake sasa wanaishi popo. Ule wa Pugu kisa chake ni kimoja na cha Misungwi ila una hatua moja zaidi, mchanga wenye felspa ulirundikana pale kwanza, felspa zikaja kugeuka kaolini ndani ya huo mchanga, kwatzi zikabaki. Unanata ulimini kwa sababu una vitundu vidogo sana vinanyonya mate yako.

Ila kwa kula naomba kwa heshima nikutahadharishe. Udongo unanyonya vitu, ndo kazi yake, na tumboni unaweza kushika madini ya chuma ya kwenye chakula, na mjamzito ndo anayahitaji kuliko mtu yeyote. Halafu pemba ya sokoni hujui imechimbwa wapi, inaweza kuwa na madini ya risasi yenye sumu au mayai ya minyoo. Hamu ya kula udongo mara nyingi inaendana na upungufu wa damu, kwa hiyo mwenye hamu hiyo aseme kliniki wampime damu, asione aibu.

drila_naivasha
Nimefurahia sana huu uzi, niongeze kitu kutoka chini kabisa. Nimefanya kazi kwa visima vya mvuke wa kuzalisha umeme Olkaria, huku Naivasha, na huko jiwe linageuka udongo bila mvua wala mizizi, ni maji ya moto yanayopanda kwa nyufa. Kitu kizuri ni kwamba aina ya udongo inakuambia joto. Tukichimba tunachukua sampuli ya vipande vya mwamba kila mita kadhaa, wanajiolojia wanaosha na kuviangalia. Juu juu unapata smektaiti hadi kama nyuzi 200 hivi, ukiendelea inaanza kuchanganyika na kloraiti, kisha smektaiti inapotea kabisa unaona kloraiti na ilaiti, hizo nazo ni madini ya vibati kama smektaiti ila za joto zaidi, na ukikuta vipunje vya kijani cha pistachio vinaitwa epidoti watu wanachangamka maana hapo joto ni zaidi ya 240. Yaani kabla hujashusha kipima joto udongo umeshakuambia. Na lile tabaka la juu la smektaiti ni kama kifuniko cha sufuria, limeziba mvuke usitoke.

MwanaMisungwi
Sikujua swali la kisima litafika Olkaria. Ahsanteni wote. Sasa kwenye maji, tuendelee au tuache? Fundi anataka jibu kesho asubuhi.

Jiolojia_Dodoma
Endeleeni. Hapo mlipo kaolini ni nyingi, maji yanakaa lakini hayatembei, ndo maana kuta zina unyevu na hakuna kinachotiririka. Mkishuka, mwamba utazidi kuwa mgumu kidogo kidogo na utaanza kuvunjika kama changarawe badala ya kupondeka kama unga, maana felspa hazijageuka zote. Kwenye nchi ya granaiti, hapo kati ya unga na mwamba mzima ndo maji yanapotembea. Lakini sikilizeni, huo mwamba laini unasimama vizuri ukiwa mkavu, ukilowa unaporomoka bila kubisha hodi. Msichimbe mita nyingine hata moja bila kushusha pete za zege, na asishuke mtu kabla ya kushusha mshumaa unaowaka, ukizimika hewa ni mbaya. Na maji yakipatikana yapelekeni maabara ya maji wapime floraidi, kanda yenu ya granaiti ina sehemu zinazovuka kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, na inaharibu meno na mifupa ya watoto.

MwanaMisungwi
Mrejesho wakuu, ni wiki tatu sasa. Tulishusha pete kama ulivyosema. Mita 6 tukakutana na duara la jiwe zima kama ngoma, maganda yake yakawa yanabanduka mkononi moja baada ya jingine, siku mbili fundi anahangaika nalo. Mita 9 udongo ukaacha kunata, ukawa unakwaruza sepeto. Juzi mita 11 na nusu, mchana, fundi akapiga sururu akasimama, akaniambia sogea usikilize. Maji yalikuwa yanatoka kwenye ufa ukutani, membamba kama uzi, yanashuka juu ya ulanga unang'aa. Jana asubuhi yalikuwa magotini. Chupa ya sampuli nimeipeleka maabara leo, majibu Ijumaa, na mama kakataa mtu kuyanywa mpaka yatoke.